Tundu la kutolea moshi: kulichonga, kulisafisha tu, au kupeleka fedha kwenye sproketi?

Hapa Busia, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya ulioipa boda boda jina lake tangu enzi ambazo vijana wa baiskeli walivusha abiria kati ya kituo kimoja na kingine, swali linalofika gerejini mara nyingi kuliko mengine ni la nguvu. Pikipiki haipandi mlima, au haikimbii kama ya jirani, na mwenye nayo amesikia kwamba kuna mafundi wanaochonga njia ya moshi ndani ya injini ikawa nyepesi. Aliyosikia ni kweli. Kazi hiyo ipo, na kwenye injini inayoistahili huleta tofauti ambayo dereva huihisi mara tu anapozungusha mkono wa mafuta. Hata hivyo nimeona pia silinda nzuri zikitupwa kwa sababu tupa ilipita mahali isipopaswa kupita, na mojawapo niliiharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Kwa hiyo nataka kuziweka njia zilizopo kando kwa kando, ili kila mtu achague huku akijua anachopata na anachokitoa.

Njia ninazozilinganisha ni nne: kulisafisha tundu la moshi bila kubadili umbo lake, kulichonga ili libadilike kimo au upana, kubadilisha ekzosi (bomba la moshi), na kubadilisha idadi ya meno ya sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika mnyororo. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kwa mtu anayebeba abiria na mizigo kwa Boxer au TVS, kuchonga ndiyo njia ya mwisho kabisa kufikiriwa. Kwa kijana anayeandaa Yamaha DT 125 kwa ajili ya motokrosi, mbio za pikipiki kwenye udongo, kule Garuga karibu na Entebbe, kuchonga kunaweza kuwa ndiyo kazi yenyewe, mradi akubali kwamba baada ya hapo pikipiki hiyo haitakuwa tena ya kwendea sokoni.

Mipigo miwili na mipigo minne

Watu wengi hulizungumzia tundu la moshi kana kwamba ni kitu kimoja katika pikipiki zote, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Katika injini ya mipigo miwili, kama ile ya DT 125 au ya Yamaha AG 100 ambayo mabwana shamba na watu wa miradi ya vijijini wameitumia kwa miaka mingi, tundu la moshi limetobolewa kwenye ukuta wa silinda, na kinacholifungua na kulifunga ni pistoni yenyewe inapopita. Kimo cha ukingo wa juu wa tundu hilo ndicho kinachoamua moshi uanze kutoka lini na mchanganyiko mpya wa petroli na hewa uanze kubanwa lini. Ukigusa ukingo huo umebadilisha saa ya injini nzima.

Katika injini ya mipigo minne, ambayo ndiyo inayobeba karibu boda boda zote za Uganda leo, saa hiyo inashikwa na vali, vifuniko vinavyofungua na kufunga njia, pamoja na kamu inayovisukuma. Njia ya moshi ni mfereji mfupi ndani ya hedi, kichwa kinachofunika silinda, kuanzia nyuma ya vali hadi pale ekzosi inapofungwa kwa nati mbili. Ukiuchonga mfereji huo hubadilishi saa hiyo; unabadilisha urahisi wa moshi kupita, basi. Na moshi, tofauti na hewa inayoingia, unasukumwa nje na shinikizo kubwa la mlipuko pamoja na pistoni inayopanda, kwa hiyo haubembelezwi sana ili utoke. Ndiyo maana watengenezaji wa injini huifanya vali ya moshi kuwa ndogo kuliko vali ya kuingizia hewa. Koo la injini hizi, yaani pale zinapobanwa, mara nyingi liko upande wa kuingiza: kabureta, kichungi cha hewa, vali ya kuingizia.

Kwa sababu hiyo jibu la mwenye Boxer na jibu la mwenye DT haliwezi kuwa moja, hata kama wote wawili wanalalamikia mlima uleule.

Boxer, TVS na ndugu zao

Tuchukue Boxer ya 150, ambayo wengi wanaijua. Injini yake ina ujazo wa sentimita za ujazo 144.8, hutoa nguvu za farasi kama 12 kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika, na nguvu yake ya kuvuta hufikia kilele mapema zaidi, kwenye mizunguko 5,000 hivi. Dereva aliyepakia gunia la kahawa kutoka miteremko ya Kapchorwa, au anayepanda na abiria wawili, anaishi chini ya mizunguko 5,000 hiyo. Hapo kiasi cha moshi kinachopita kila sekunde ni kidogo, na mfereji wa kiwandani unatosha kabisa. Ukiupanua, kasi ya moshi ndani yake inapungua, mvuto unaosaidia kuisafisha silinda unadhoofika, na pikipiki inaweza kuwa nzito zaidi kwenye mizunguko ya chini kuliko ilivyokuwa. Mteja amelipa, hedi imefunguliwa, gasketi mpya, ile karatasi ya kuziba maungio, imewekwa, na alichopata ni kelele.

Kuna kazi ndogo kwenye hedi hiyo ambazo naziunga mkono, lakini zote ni za kurejesha kilichopotea. Kukwangua masizi yaliyoganda nyuma ya vali na kuzunguka gaidi yake, bomba dogo linaloiongoza, ni jambo jema. Kusaga vali hadi ikae sawasawa kwenye kiti chake ni jambo jema zaidi, kwa sababu vali inayovujisha huiba mgandamizo, na mgandamizo ndio nguvu. Ikiwa gasketi ya ekzosi imejisukuma ndani ya njia ya moshi, ibadilishwe. Ikiwa mdomo wa ekzosi ni mpana kidogo kuliko mdomo wa hedi, uachwe hivyo: kingo hiyo ndogo haizuii moshi kutoka, na inasaidia kuuzuia usirudi. Fundi anayeona kingo hiyo na kuichonga hedi hadi ilingane na bomba anafanya kazi inayopendeza macho tu.

Kiti cha vali ya moshi kisiguswe na mtu asiye na vifaa vya kukikata. Vali ya moshi hupoa kwa kukilalia kiti hicho, na kikifanywa chembamba mno kwa tamaa ya kupitisha moshi zaidi, joto halipati pa kwenda na vali huungua ukingoni. Mteja hatalijua hilo siku ya kwanza. Atalijua baada ya miezi michache, akiwa amesimama na abiria wake kandokando ya barabara ya Tororo, pikipiki ikigoma kuwaka ikiwa ya moto.

Sasa iweke sproketi kando ya hayo yote. Ukitoa sproketi ya mbele yenye meno 14 ukaweka ya meno 13, msukumo unaofika kwenye gurudumu la nyuma unaongezeka kwa karibu asilimia 8 katika kila gia, na kasi kwa kila mzunguko wa injini inapungua kwa karibu asilimia 7. Hakuna kazi ya njia ya moshi kwenye hedi ya boda boda itakayokupa asilimia 8 ya uhakika kwenye mizunguko ya chini. Sproketi haifungui injini, haihitaji gasketi, na ukihamia kazi ya njia tambarare ya Soroti unairudisha ile ya zamani. Hasara zipo: kwenye lami injini itazunguka zaidi kwa mwendo uleule, na mnyororo utakunjwa kwa ukali kidogo zaidi kwenye sproketi ndogo, kwa hiyo usitumie mnyororo uliochakaa. Kwa mbeba mizigo mimi huishia hapa, na sijutii kumrudisha mteja aliyekuja akitaka kuchongewa.

Jambo jingine linalopuuzwa ni mwinuko wa nchi yetu. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapo ni pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko Mombasa. Kabale, kwenye mita 2,000 hivi, upungufu unafika karibu asilimia 20. Injini hupokea hewa pungufu kwa kiasi hicho, huku kabureta ikiendelea kumwaga petroli karibu kama ilivyopangwa kwa hewa nzito ya chini, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito wa mafuta. Plagi nyeusi yenye masizi makavu ni ushahidi. Mara nyingi pikipiki inayodhaniwa kuzibwa upande wa moshi inahitaji tu jeti (kitundu kinachopima petroli) ndogo zaidi ya kabureta na kichungi safi cha hewa. Mwendesha pikipiki wa Kisoro afanye hivyo kabla ya kumruhusu yeyote aifungue hedi yake.

DT 125 na AG 100: hapa tundu lina maana

Kwenye mipigo miwili mambo yanageuka. Mwaka 1961 injini ya mashindano ya MZ ya Ujerumani Mashariki yenye sentimita za ujazo 125 ilikuwa ikitoa nguvu za farasi kama 25, karibu maradufu ya Boxer ya leo yenye ujazo mkubwa kuliko wake. Mhandisi wake, Walter Kaaden, alifika hapo kwa kushughulika na vitu kadhaa kwa pamoja, vikiwemo matundu ya silinda na umbo la ekzosi. Mwaka huohuo dereva wake Ernst Degner alitorokea Magharibi akiwa na maarifa hayo na kuyapeleka Suzuki, na ujuzi ukaenea kwa watengenezaji wa Japani ambao pikipiki zao tunazitumia hadi leo. Neno la kushika ni hilo la kwa pamoja. Tundu lililochongwa bila ekzosi inayolingana nalo ni nusu ya kazi, na nusu hiyo peke yake hudhuru.

Ekzosi ya mipigo miwili yenye tumbo, ile inayopanuka katikati na kusinyaa tena, hupokea wimbi la shinikizo linalotoka tunduni. Sehemu inayopanuka hurudisha wimbi la mvuto linalosaidia kutoa moshi, na sehemu inayosinyaa hurudisha wimbi la msukumo linalouzuia mchanganyiko mpya usikimbie kabla pistoni haijafunga tundu. Mawimbi hayo husafiri kwa kasi yao, hayamngojei mtu. Kwa hiyo kila ekzosi ina eneo lake la mizunguko ambamo inafika kwa wakati, na nje ya eneo hilo inavuruga.

Ukilipandisha tundu juu, linafunguka mapema na kufungwa kwa kuchelewa. Injini hupata muda zaidi wa kumwaga shinikizo kabla ya matundu mengine ya silinda, yale ya kuingizia mchanganyiko mpya, kufunguka, na muda huo ndio unaokosekana injini inapozunguka haraka sana. Kwa hiyo nguvu huongezeka juu. Chini, muda huohuo ni hasara: mchanganyiko unatoroka kupitia tundu lililo wazi, sehemu ya mwendo wa pistoni inayobana inapungua, matumizi ya petroli yanapanda, na pikipiki inakuwa bubu hadi ifike kwenye mizunguko yake. Nguvu imehamishwa kutoka sehemu moja ya mizunguko kwenda nyingine, na anayechonga lazima ajue yeye anaendeshea sehemu ipi.

Hesabu yake si ngumu. Silinda ya DT 125 ina kipenyo cha milimita 56 na mwendo wa pistoni wa milimita 50. Chukua injini ya mwendo huo yenye konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki, mhimili unaozunguka) ya milimita 100: kila milimita 1 unayoupandisha ukingo wa juu huongeza takriban digrii 4 hadi 5 za muda wa tundu kuwa wazi kwenye mzunguko wa kranki, na hupunguza sehemu inayobana kwa asilimia 3 au 4. Injini ya kazi kwa kawaida huacha tundu wazi kwa digrii 170 hadi 180 hivi, na ya motokrosi hufika 190 na kitu. Yaani umbali kati ya pikipiki ya bwana shamba na pikipiki ya mashindano ni milimita chache tu za chuma. Hilo linapaswa kumtia fundi heshima kabla hajawasha mashine ya kusagia. Mimi husogea kwa nusu milimita, nikipima kwa vernia kutoka juu ya silinda kabla na baada, na kisahani cha digrii kikiwa kimefungwa kwenye kranki.

Upana una tabia tofauti na kimo. Kulipanua tundu kando bila kulipandisha huongeza nafasi ya moshi kupita bila kubadilisha saa, kwa hiyo nguvu za chini hazipotei sana, na kwa mtu anayetaka DT ya matope na barabara pamoja ndiyo njia ninayoipendelea. Hatari yake ni ringi, pete ya chuma inayoizunguka pistoni. Ringi inapopita mbele ya tundu hujitanua kidogo ndani yake, na tundu likiwa pana mno, ringi hunasa na kuvunjika. Mipaka inayotumika na mafundi kwa silinda ya tundu moja lisilo na nguzo katikati ni karibu asilimia 60 hadi 65 ya kipenyo. Kwa milimita 56 hiyo ni kati ya milimita 34 na 36. Ukingo wa juu uchongwe kwa mviringo kama upinde, usiwe mstari ulionyooka, ili ringi irudishwe ndani polepole, na makali yote yanayotazama pistoni yaondolewe kwa msasa.

Silinda niliyotaja mwanzoni niliiharibu hapo. Nilipanua vizuri, nikapima vizuri, nikasahau kuangalia pini inayozuia ncha za ringi zisizunguke, na upande mmoja wa tundu ukawa umeisogelea. Ncha ya ringi iliingia tunduni. Nililipa pistoni, ringi na kazi ya kuchonga silinda upya, na tangu siku hiyo huiweka pistoni na ringi yake ndani ya silinda tupu na kutazama kwa tochi kabla ya kugusa chochote.

Kwa anayesita, ipo njia ya kujaribu bila kukata. Ukiongeza gasketi chini ya silinda, silinda yote inapanda na matundu yote yanapanda nayo. Matokeo si sawa kabisa na kuchonga tundu la moshi peke yake, kwa kuwa matundu ya mchanganyiko nayo yamepanda na nafasi juu ya pistoni imeongezeka, hivyo mgandamizo unashuka hadi hedi ipunguzwe. Lakini tabia ya kuhamia juu utaihisi. Ukiichukia, unatoa gasketi na pikipiki inarudi ilivyokuwa. Tundu lililochongwa halirudishwi.

Na AG 100? Naomba isiguswe. Pikipiki hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kazi ya mwendo mdogo, mizigo na njia mbovu, na matundu yake yamepangwa hivyo. Ikiwa imepoteza nguvu, sababu ya kwanza ya kuangalia ni masizi: injini ya mipigo miwili huchoma oili pamoja na petroli, na masizi hujijenga tunduni na ndani ya ekzosi hadi nafasi inapungua waziwazi. Shusha pistoni chini kabisa, kwangua kwa kipande cha mti mgumu au cha aluminiamu ili usikwaruze ukuta wa silinda, safisha na ekzosi, kisha hakikisha pampu ya oili inafanya kazi na oili ni ya mipigo miwili hasa. Nimeona AG iliyokuja ikihesabiwa kuwa imekufa ikarudi kijijini ikipanda mlima, na hakuna hata chembe ya chuma iliyoondolewa.

Ekzosi peke yake

Kwa mipigo minne, ekzosi ya kelele kwenye boda boda huchosha dereva, abiria na mtaa mzima, na faida yake chini ya mizunguko 5,000 huwa ndogo au hakuna. Kwa mipigo miwili, kubadilisha ekzosi kabla ya kuchonga ni mpangilio sahihi, kwa sababu ekzosi hufunguliwa na kurudishwa, na ikishakaa vizuri ndipo utajua tundu linahitaji kusogezwa kiasi gani ili vikutane. Aliyeanza na tundu atalazimika kuitafuta ekzosi inayofuata makosa yake. Baada ya mabadiliko yoyote ya namna hii jeti ya kabureta ikaguliwe upya. Mchanganyiko mwepesi wa petroli kwenye injini ya mipigo miwili inayopitisha hewa zaidi huyeyusha pistoni, na DT ya kupozwa kwa hewa haina maji ya kuisamehe.

Kwa yule wa Garuga, basi, mpangilio wangu ni huu: ekzosi yenye tumbo, jeti, gasketi ya majaribio chini ya silinda, kisha upana wa tundu hadi mpaka wa ringi, na mwisho kimo, nusu milimita kwa wakati mmoja, akiwa na silinda ya akiba kwenye rafu. Kwa mwenye Boxer: kichungi, jeti, vali, mnyororo mpya na sproketi ya meno 13, kisha aipandishe barabara ya Kapchorwa akiwa na mzigo wake wa kawaida kabla ya kurudi gerejini.